Inchi Nne za Baba Mkwe

Nyie mnaoanza kazi ya wanyamapori siku hizi mna swali moja mnaloniuliza kila mnapopita hapa Ijuganyondo: mama, kwa kuwinda ndege, mtutu wa bunduki uwe inchi ngapi? Mnaniuliza mkiwa mmesimama, pikipiki inaunguruma barabarani, mnataka namba mwondoke nayo. Nami nawaambia kaeni kwanza, kahawa za kutafuna zimo kwenye kikapu pale. Namba ninayo, lakini namba peke yake ni kama kiatu ulichonunuliwa na mtu asiyejua mguu wako.

Nimestaafu, nina migomba yangu na mbuzi, na nikiamka asubuhi hakuna anayenidai ripoti. Maisha ni mazuri. Kwa hiyo nina muda wa kuwaeleza mambo ambayo kazini hakuna aliyekuwa na muda wa kunieleza mimi, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo alikuwa Ta Mutalemwa, yaani Mzee Mutalemwa, askari wanyamapori wa zamani katika ofisi yetu ya Muleba. Alikuwa mrefu kama mnazi, mikono inafika magotini. Bunduki yake ya marisau ilikuwa na mtutu wa inchi thelathini, na yeye aliibeba kama unavyobeba mwavuli. Wiki yangu ya kwanza alinichukua tukafuate kwale kwenye vichaka vya pembeni mwa mashamba ya kahawa, akanipa bunduki hiyo hiyo, mimi mfupi hivi mnavyoniona. Kwale akaruka karibu na miguu yangu. Nikaiinua bunduki, mdomo wa mtutu ukanasa kwenye matawi, nikauvuta, ukanasa tena upande wa pili. Kwale alikuwa ameshafika kwao. Ta Mutalemwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza kama nimekuja kuwinda au kuvua samaki.

Baada ya kucheka akanifundisha, na hiyo ndiyo tofauti ya mwalimu na mtu anayecheka tu. Akasema kwenye kichaka ndege anaruka ghafla, karibu, na unampata kwa sekunde chache au humpati kabisa. Hapo unataka mtutu mfupi, inchi ishirini na sita hivi, unaopanda begani bila kuomba ruhusa kwa matawi. Lakini ukisimama kando ya maji au majaruba ya mpunga, bata wanapita mbali na juu, mbingu yote ni yako. Hapo mrefu unakusaidia, maana uzito wake wa mbele ukishaanza kwenda na ndege hausimami hovyo. Wengi tunakosa bata kwa sababu tunasimamisha bunduki pale tunapofyatua, marisau yanapita nyuma ya mkia. Mtutu mrefu ni mkaidi, ukianza safari hauachi. Mfupi unaanza upesi na unaacha upesi, na kelele yake iko karibu zaidi na masikio yako. Mimi sikio langu la kulia leo halisikii mbuzi akilia, na si uzee tu.

Sasa niwaambie jambo ambalo mtalisikia sana sokoni Muleba, nanyi msilibebe. Wazee watawaambia mtutu mrefu unafika mbali. Wana njia yao ya kuchagua: wanasimamisha bunduki chini, kitako kwenye kisigino, kama baba zao walivyopima mpini wa mkuki, na mdomo usipopita kiuno wanasema hiyo ni ya mtoto. Nimeona mtu mzima anaacha bunduki nzuri kabisa dukani kwa sababu iliishia chini ya mfupa wa nyonga.

Mimi niliwapimia. Chukueni njia hii, haina gharama na kwetu vifaa havikosekani. Mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake mtalikata tu. Basi yakusanyeni mashina hayo, yapangeni wima, yabanane, yaegemee kichuguu kikubwa ambacho nyuma yake hakuna nyumba wala njia. Pigeni risasi moja katikati kutoka umbali mnaowindia, halafu mkae, mtafune kahawa. Utomvu wa mgomba ukipata hewa unageuka mweusi. Kila punje ya marisau iliyoingia itaonyesha kidoa chake, na mtaona marisau yamekaa vipi, wapi yamebanana na wapi yamepwaya, vizuri kuliko kwenye karatasi. Na mkipasua shina mtaona yamezama kiasi gani.

Nilifanya hivyo mbele ya wazee wa pale sokoni kwa bunduki mbili, moja fupi na moja ndefu, risasi za aina moja, mbano wa aina moja. Mbano ni ule mdomo wa mtutu unaofinywa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema. Vidoa vilipotokea, bunduki zote mbili zilikuwa zimepiga karibu sawa na kuzama karibu sawa. Nikasema mmeona, anayekusanya marisau ni mbano, na urefu unaamua bunduki inavyotembea mikononi mwenu. Mzee mmoja akayaangalia mashina kwa makini, akasema migomba hiyo imetoka kwenye shina mama moja, kwa hiyo lazima ikubaliane. 

Kwa sababu hiyo hiyo ya mbano, mtu asiwadanganye kuwa mtutu mrefu unaweza kupunguzwa kwa msumeno. Mbano uko mdomoni. Ukikata mdomo umeutupa kwenye majani, na umejitafutia jela juu yake. Bunduki iliyokatwa ina wateja wake, na hao hawawindi ndege. Na kabla ya kupiga, ifungueni bunduki, mchungulie ndani ya mtutu mpaka muone mwanga. Nimewahi kukuta kiota cha nyigu wa tope ndani ya bunduki ya mtu aliyekuwa ameshaweka risasi mkononi. Alinishukuru kwa mkungu wa ndizi.

Jaribio jingine ni la nyumbani. Bunduki iwe tupu, uhakikishe mara mbili. Angalia kitu ukutani, fumba macho, inua bunduki begani kwa kawaida yako, kisha fumbua. Mdomo ukiwa unaangalia kile kitu, bunduki hiyo ni ndugu yako. Ukiwa unaangalia sakafu, kuna kitu hakikutoshi, na ndege hatakusubiri ukirekebishe.

Nimesema yote hayo ili mwelewe habari ya baba mkwe wangu, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote za kazi yangu.

Mimi ni Mlutheri wa mjini Bukoba, nimeolewa na Wakatoliki wa Kimwani, wakulima. Baba mkwe, jina lake silitaji, mkamwana halitaji jina la baba mkwe, hata kwenye maandishi. Wala hamgusi. Hampi kitu mkono kwa mkono. Hamkazii macho, na akiwa na neno analipitishia kwa mtu mwingine. Nyie wa leo mnasalimiana na wakwe zenu kwa kushikana mikono na kupiga picha pamoja, siwalaumu. Sisi tuliishi hivyo miaka mingi na tulipendana vizuri tu, kila mtu upande wake.

Alikuwa mwindaji wa bata mwenye leseni tangu kabla sijaolewa. Bunduki yake ilikuwa ya mtutu mmoja, inchi thelathini na mbili, ndefu kupita zote nilizoziona wilayani. Kila Krismasi, watoto na wajukuu wanaporudi kutoka Dar na Mwanza, bata wa mezani walitoka kwenye majaruba, kwa mkono wake. Hilo lilikuwa jambo lake katika ukoo. Wengine walileta magari, yeye alileta bata.

Kisha akaanza kukosa. Mwaka wa kwanza tulisema ni bahati mbaya. Mwaka wa pili alijeruhi bata ambao waliangukia matete ya ndani na hawakupatikana, na hilo lilimuumiza kuliko kukosa. Mwindaji wa kweli halali vizuri akijua kuna ndege aliyemuacha anateseka. Mume wangu akaniambia baba ameacha kusafisha bunduki, ameitundika na haiangalii. Amesema macho yamekwisha.

Mwaka huo huo mkuu wetu wa ofisi aliweka utaratibu kwamba wenye bunduki waliozeeka waje wapige shabaha mbele yake kabla hajapendekeza leseni zao. Ulikuwa utaratibu mzuri, hata mimi niliuunga mkono, mpaka nilipokumbuka nani yumo kwenye kundi hilo. Nikamwambia mkuu kwamba kwa mzee wa Kimwani mimi simo, sitamwangalia akipiga wala sitaandika neno. Akakubali. Na kule Kimwani baba mkwe akamwambia mkewe kwamba akishindwa Muleba ataikabidhi bunduki polisi siku hiyo hiyo, na Krismasi watakula kuku kama watu wengine.

Mama mkwe ndiye aliyeniita. Hakusema nije kumsaidia mzee. Alisema nije kuangalia migomba. Nikajua.

Tatizo mnaliona. Kumpima mtu bunduki ni kazi ya mikono. Unamshika bega, unamsogeza shavu kwenye kitako, unasimama mbele yake, bunduki ikiwa tupu, unaangalia jicho lake limekaa wapi. Mimi sikuruhusiwa kufanya hata moja. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mibuni, nimegeuka upande, na mama mkwe katikati yetu kama mkalimani wa mahakama.

Nilianza na mkono wa baba mkwe. Nikamwomba mama mkwe achukue kamba ya mgomba, apime kutoka kwenye kiwiko kilichokunjwa mpaka kidole cha kufyatulia, afunge fundo. Akaniletea kamba. Nikailaza kwenye kitako cha bunduki iliyokuwa juu ya mkeka, kipimo kikakubali. Kitako hakikuwa na kosa.

Tukapanga mashina ya mgomba kwenye kichuguu. Akapiga, akapumzika, akapiga tena. Tukasubiri utomvu. Vidoa vilipotokea nilisogea nikaangalia, na moyo wangu ukafurahi palepale. Marisau yote yalikuwa chini, kushoto, karibu na mizizi. Lakini yalikuwa mahali pamoja, mara zote mbili. Mtu ambaye macho yamekwisha, risasi zake zinatangatanga. Huyu alikuwa anakosa sehemu ile ile kwa uaminifu. Hapo nikakumbuka kwamba kabla ya kuanza kukosa alikuwa ameanguka na baiskeli ya ndizi, akaumia bega la kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaobeba mbele ya bunduki. Mtutu ule mrefu ulikuwa unamshinda uzito. Ulikuwa unainama kabla hajafyatua, na kwa ndege anayeruka bega halikuweza kuuanzisha safari.

"Mwambie baba macho yake ni mazima," nikamwambia mama mkwe.

Mama mkwe akageuka. "Anasema macho ni mazima, mkono ndio umezeeka."

Sikusema hivyo. Baba mkwe aliyaangalia mashina tena, akamwambia mkewe:

"Muulize anajuaje."

Nikaeleza, mama mkwe akafupisha, na kila alipofupisha alitoa adabu akaacha ukweli. Nikamsikia baba mkwe anakohoa kwa namna ambayo baadaye mume wangu aliniambia ni kicheko.

Jirani yake alikuwa na bunduki ya aina ile ile, yenye mtutu wa inchi ishirini na nane, na tulikuwa tumemwomba aje nayo na abaki hapo mwenyewe, maana leseni ni yake. Baba mkwe aliiangalia kwa dharau akasema mtutu kama huo ni wa kulindia benki. Mama mkwe akamwambia apige, mpunga unangoja kuanuliwa. Akapiga. Safari hii hakuna aliyetafuna kahawa. Vidoa vikaanza kujitokeza kimoja kimoja katikati ya shina la katikati, na vingine vikavizunguka vizuri. Mzee alisogea mwenyewe, akainama, akaingiza kidole kwenye tundu moja, kisha jingine, kama anayekagua meno ya ng'ombe.

Nilidhani tumemaliza. Lakini aliporudi alimrudishia jirani bunduki, akasema nguo ya kuazima haistiri makalio. Bunduki yake ni ile ndefu, na mtu anazeeka na chake. Nikamwambia mama mkwe kwamba mtutu wa bunduki yake unatoka na kuna duka lenye kibali Mwanza ambako fundi anaweza kuufunga mwingine mfupi, karatasi zikienda sawa na polisi. Bunduki itabaki ile ile. Mara hii mama mkwe hakufupisha, alilifikisha neno kwa neno. Baba mkwe aliibeba bunduki yake. Aliingia ndani. Nilirudi mjini bila kujua ameamua nini, na safari nzima nilikuwa na huzuni, nikijiambia kwamba nimemwonyesha mzee wa watu udhaifu wake mbele ya jirani na sijampa dawa.

Mume wangu alipigiwa simu siku kadhaa baadaye. Baba ameondoka na basi la Mwanza, amevaa koti la kanisani, amebeba bunduki yake, karatasi zake zote na kibali cha polisi, na hataki kusindikizwa.

Alirudi na inchi ishirini na nane. Nikatuma maagizo kwa mama mkwe: kila jioni, bunduki ikiwa tupu, akae uani afuate yangeyange, wale ndege weupe, wanaporudi kulala, mdomo wa mtutu uende nao na usisimame hata baada ya kubofya. Alikuwa na mtutu mfupi sasa, na mfupi, kama nilivyowaambia, unaacha safari upesi. Mama mkwe akaniletea taarifa kwamba majirani wanadhani mzee amerukwa na akili, ila yangeyange wameshamzoea.

Siku ya shabaha Muleba mimi sikwenda ofisini. Nilijipangia kazi upande mwingine wa wilaya na sikumbuki hata nilifanya nini huko. Jioni mkuu wangu akanipigia, akazungumzia mafuta ya gari, akazungumzia mkutano, na mwishoni kabisa akasema yule mzee wako amepita. Nikazima simu nikalia kidogo, peke yangu, kwa furaha.

Krismasi ikafika, watu wakajaa Kimwani. Alfajiri mzee alikwenda majarubani na kurudi na bata, wote wamekufa safi, hakuna aliyebaki matetani. Nilimwona akipita uani, nikashusha macho kama inavyotakiwa. 

Mchana tuligawanyika kama kawaida, wanaume sebuleni na baba mkwe, sisi wanawake chumba cha nyuma, ukuta mmoja katikati. Ndizi zilikuwa zimeiva, bata wamepikwa, na bado kulikuwa kimya upande wa sebuleni. Hakuna aliyekuwa ameanza kula. Mama mkwe akaingia na kisahani kimefunikwa kwa jani la mgomba, akakiweka mbele yangu. Nikafunua. Ilikuwa firigisi ya bata, nzima. Nyie hamjui uzito wake. Firigisi katika nyumba ile ilikuwa ya baba, na mwanamke hakuigusa hata kwa kuonja chumvi, sembuse mkamwana. 

Nikamwambia mama mkwe taratibu kwamba siwezi, ni ya baba.

"Ni yeye aliyeitoa kwenye sahani yake," akasema. "Kula, waitu. Watoto wana njaa."

Nikala. Ilikuwa ngumu kidogo, nikatafuna polepole, machozi yananitoka na mawifi wananiangalia. Nilikuwa sijamaliza kumeza vizuri niliposikia sauti ya baba mkwe kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Amekula?"

"Amekula," mama mkwe akajibu.

"Yote?"

"Yote."

"Haya," akasema. "Sasa na sisi tule."